Chura naye awekwe kwenye jero

Juzi binamu yangu kanirushia WhatsApp tangazo la sarafu: shilingi 50 ya Tanzania ya mwaka 1974, ya fedha, Mwalimu upande mmoja, faru upande wa pili. Muuzaji yuko Ulaya, bei kwa yuro. Yaani ya kwetu, na sisi ndiyo kwanza tunaiona kwenye picha!

Ilitoka kwenye ule mfululizo wa sarafu za uhifadhi wa WWF na IUCN, mashirika ya kimataifa ya kulinda wanyama na mazingira. Twiga akapewa 25, duma akapewa dhahabu ya shilingi 1500. Nani aliwahi kurudishiwa chenji ya duma Kariakoo? Zilikwenda kwenye makabati ya wakusanyaji. Haya, mauzo yalichangia uhifadhi, sibishi. Lakini miaka hiyohiyo majangili walikuwa wanammaliza faru.

Sisi wa daladala tulikuja kupata faru wetu kwenye hamsini ya 1996, na mtoto wake ubavuni. Mpe konda leo uone atakavyokuangalia.

Ila kinachoniudhi hasa ni hawa wanyama wanaochaguliwa. Simba kwenye mia mbili, nyati kwenye mia tano, yaani jero. Hao watalii wanawafuata wenyewe, hawana shida ya kutangazwa. Mimi namtaka chura wa Kihansi. Mnacheka? Chekeni. Huyu alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, dunia nzima hayupo pengine. Tukayageuza maji yaende kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakauka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu vyura 499 walikuwa wameshapandishwa ndege kwenda Marekani, wakazalishwa huko hadi baadhi wakarudishwa 2010, hapahapa Dar, maabara ya Chuo Kikuu, Mlimani. Baadaye wakapelekwa kwao korongoni, ambako kulishawekwa mabomba ya kunyunyizia maji.

Sasa niambieni, nyati ana kisa gani cha kumfikia huyu? Halafu dume lake halifiki sentimita 2, kwa hiyo kwenye jero anachorwa kwa ukubwa wake halisi na nafasi inabaki. Mchoraji asipunguze kitu.

Ila isiwe ya fedha ndani ya kiboksi cha mahameli. Iwe jero ya kawaida, ya kununulia vocha na kulipia nauli. Konda akiguna kwamba hii ya chura haitambui, aulizwe simu yake anaichaji kwa umeme wa nani.