Barua ya mapendekezo si sadaka

Juzi nilimwandikia msimamizi wangu wa masta hapa Wageningen, Uholanzi, kumwomba barua ya mapendekezo, maana natafuta nafasi ya uzamivu Marekani. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshajibu. Alitaka wasifu wangu, rasimu ya maelezo ya malengo, tarehe ya mwisho ya kila chuo, na mambo matatu ambayo ningependa ayaseme na ambayo hayaonekani kwenye transkripti. Hakuna njoo kesho. Nilifurahi sana, kisha nikakasirika, na hasira yenyewe ni ya nyumbani.

Mliosoma mnajua. Umesimama mlangoni kwa dokta tangu asubuhi, shikamoo inaitikiwa huku anatembea, mara yuko kwenye kikao, mara amekwenda Dodoma, mara anasahihisha mitihani. Ukibahatika kumpata anakwambia, "Kaandike mwenyewe, ulete nisaini." Kwa mtoto wa Tandahimba au Nachingwea aliyesoma Dar, nauli ya kufuata saini hiyo imetoka kwenye korosho za mama yake. Mimi nimezungushwa hivyo, na wadogo zangu wanazungushwa hivyo mwaka huu.

Najua litakalosemwa: "Ameshavuka bahari, sasa anatudharau." Simdharau mtu. Mhadhiri wa kwetu ana darasa la mamia, anasahihisha mpaka usiku, na kwa kuandika barua halipwi. Lakini huyu wa hapa naye hana posho ya barua. Anaihesabu kuwa ni sehemu ya kufundisha, basi. Kwetu imegeuzwa hisani, na mwanafunzi anaiomba kwa kunyenyekea mpaka anasahau kwamba ni haki yake.

Na haya si madogo. Vyuo vingi vya Marekani vinataka barua tatu, na mwombaji hazigusi. Unaingiza barua pepe ya mwalimu kwenye mfumo, mfumo unamtumia kiungo, anapakia mwenyewe. Unaulizwa kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, haki inayotokana na sheria yao ya 1974, na wengi wanaiachia kwa sababu barua ya siri inaaminika zaidi. Vyuo vingine vinampa mwalimu na jedwali la kujaza: mwanafunzi huyu yumo katika asilimia 5 ya juu, 10, au 25? Sasa "andika nisaini" inaingia wapi hapo? Aliyejiandikia anajulikana. Barua zote tatu na maelezo ya malengo vina sauti moja, na zote zinasema ni kijana mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano. Anayesoma maombi mamia kwa wiki hawezi kumkumbuka mtu kwa maneno hayo.

Barua iliyonileta huku iliandikwa na mtafiti mmoja wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara. Nilimsaidia shambani kwenye kazi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na aliiandika usiku umeme uliporudi. Baadaye alinionyesha. Hakusema nina bidii. Alisema nilikuwa nahesabu mashada ya maua yaliyoshambuliwa, mti kwa mti, na kwamba niliona mikorosho iliyopuliziwa salfa imepona upande mmoja tu, nikachora kwenye daftari upepo ulikotoka siku ile ya kupulizia. Akaeleza pia kwamba kwetu daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4 kati ya 5, ili msomaji wa nje asiione 4.1 yangu akadhani nilijikongoja. Ukurasa mmoja na nusu. Mholanzi yeyote asingeweza kuiandika, maana hakuwahi kusimama chini ya mkorosho ule. Kwa hiyo msiniambie kwamba nyumbani haiwezekani. Naliendele ni nyumbani.

Ndiyo maana naumia. Mtoto wa Msimbati amekua jirani na visima vya gesi. Wa Lindi vijijini kwao ni Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa iko Berlin hadi leo. Halafu anakaa chini kuandika maelezo ya malengo na kuanza, "Tangu utotoni nimekuwa nikipenda sayansi." Jamani! Andika swali ulilokutana nalo kwenu, ulilifanyia nini, na kwa nini chuo hicho ndicho chenye mtu wa kukusaidia kulijibu. Mwalimu naye akiyasoma hayo anapata cha kuandika.

Kuna mwingine atasema wanafunzi wenyewe wanakuja siku mbili kabla ya mwisho. Kweli, na sababu yake tunaijua watu wa kusini. Maombi mengi ya Marekani yanafungwa kati ya Desemba na mwanzo wa Januari, minada ya korosho inaanza Oktoba, kwa hiyo mwanafunzi anasubiri pesa ya mtihani wa Kiingereza na ada za maombi ndipo aanze kila kitu. Barua haina ada. Iombe Septemba, hata kama AMCOS, chama cha ushirika kinachouza korosho zenu, haijalipa shilingi. Na ada ya maombi yenyewe, viandikie vyuo, kwa kuwa baadhi huisamehe kwa anayeomba mapema.

"Mwalimu hawezi kumkumbuka kila mtu katika watu mia tatu." Hakuna anayemtaka akumbuke. Mwanafunzi aende na karatasi moja: alisoma somo gani kwake na mwaka gani, alipata alama gani, utafiti wake wa mwisho ulihusu nini, kitu kimoja alichokifanya ambacho wengine hawakukifanya, na tarehe za vyuo. Akumbushe kwa heshima wiki mbili kabla, na tena siku chache kabla. Mwalimu aliyeletewa karatasi hiyo Septemba, bado akamwambia mtoto wa watu akaandike mwenyewe, huyo mimi sina neno la kumtetea.