Dhamana ya nyongeza kwa gari lililotumika Marekani: inamfaa nani, inamla nani

Maneno "miaka 5 au maili 100,000" kwenye karatasi ya mauzo yana tafsiri mbili. Katika ya kwanza, hesabu inaanza siku unayosaini, na maili 100,000 zinaongezwa juu ya zile gari lilizokwisha kutembea. Katika ya pili, hesabu inaanza siku gari lilipouzwa likiwa jipya, na maili zinahesabiwa tangu sifuri. Chukua gari lenye maili 62,000 na umri wa miaka mitatu na nusu. Kwa tafsiri ya pili umebakiwa na maili 38,000 au mwaka mmoja na nusu, lolote litakalotangulia. Muuzaji hakudanganya, lakini uliyedhani umenunua miaka mitano umenunua miezi 18.

Swali la kununua dhamana ya nyongeza au kuiacha huwafikia Waswahili walioko Minneapolis, Dallas au Louisville mahali pabaya: ndani ya ofisi ya mkopo, baada ya saa tatu za kupatana bei, wakati kila mtu anataka funguo arudi nyumbani. Kinachouzwa pale kinaitwa dhamana, ila kisheria si dhamana. Dhamana halisi huja na gari bila malipo ya ziada. Hiki ni mkataba wa huduma unaouzwa peke yake, na mara nyingi atakayelipia matengenezo ni kampuni nyingine kabisa, si aliyekuuzia gari.

Kabla ya kuuliza bei, hesabu ulichonacho tayari bure. Hyundai na Kia hutangaza miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia boksi, lakini hiyo ni ya mmiliki wa kwanza. Wa pili anapata miaka 5 au maili 60,000, isipokuwa gari liwe limeuzwa chini ya mpango wao rasmi wa magari yaliyokaguliwa. Betri ya haibridi ya Toyota kuanzia toleo la 2020 ina miaka 10 au maili 150,000, na inalifuata gari, si mtu. Sheria ya shirikisho ya moshi inalinda katalitiki konvata, yaani kisafisha moshi cha ekzosi, na kompyuta ya injini kwa miaka 8 au maili 80,000. Massachusetts inamlazimisha muuzaji kutoa siku 90 au maili 3,750 kwa gari lililotembea chini ya maili 40,000, na muda unapungua kadiri maili zinavyoongezeka. New York nayo ina sheria ya namna hiyo. Kasoro iliyotangazwa na kiwanda hurekebishwa bure: ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa shirikisho wa usalama barabarani. Ukilipia mkataba ilhali dhamana ya kiwanda bado inaishi, kipindi hicho unalipa mara mbili.

Sasa hesabu ya wanaopinga kununua, nayo ina uzito. Kampuni inayouza mkataba lazima ilipe madai, wafanyakazi, matangazo na kamisheni ya muuzaji, kisha ibaki na faida. Kwa wastani, basi, wateja wanatoa zaidi ya wanachorudishiwa. Zaidi ya miaka kumi iliyopita jarida la Consumer Reports liliwauliza wanachama wake waliowahi kununua, na asilimia 55 walikuwa hawajautumia mkataba hata mara moja. Ongeza riba. Mkataba wa dola 3,000 ukiingizwa kwenye mkopo wa asilimia 14 wa miezi 72 unakuwa karibu dola 62 kwa mwezi, jumla dola 4,450. Ikiwa mkataba wenyewe ni wa miezi 48, utaendelea kuulipia miaka miwili baada ya mkataba kufa. Dola 62 hizohizo zikiwekwa pembeni kila mwezi zinafika dola 1,488 kwa miaka miwili, na gari lisipoharibika zinabaki zako. Kwa Corolla au Camry iliyobadilishwa oili kwa wakati, hoja hii ni ngumu kuishinda.

Lakini wastani haumsaidii aliyeharibikiwa gia boksi mwezi wa nne. Mtu asiye na akiba, anayetegemea gari kufika kazini usiku mahali pasipo basi, bili ya dola 4,500 haimtoi dola 4,500 tu. Inamtoa kazini, au inampeleka kwa wakopeshaji wanaoshika hati ya gari kwa riba ya kutisha. Huyo hanunui faida. Ananunua kikomo cha hasara, na kulipia kikomo si ujinga. Kuna pia magari ambayo wastani wake wenyewe ni mbaya: ya Ulaya yenye shokapu za hewa, injini ndogo za turbo zilizocheleweshwa oili, Nissan za miaka ya 2010 zenye gia boksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na hatua za gia. Tatizo ni kwamba kampuni zinajua haya kama mafundi wanavyojua, kwa hiyo bei ya mkataba wa Range Rover si bei ya mkataba wa Corolla, na baadhi hawaligusi kabisa gari la aina hiyo.

Kwa hiyo ubishi wa "nunua" au "usinunue" hauendi mbali bila kufungua ukurasa wa visivyolipwa. Usitazame jina la mpango, dhahabu au platinamu. Tazama orodha imeandikwaje. Ikitaja vinavyolipwa, kila kisichotajwa ni chako. Ikitaja visivyolipwa tu, kila kingine ni chao, na hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Mpango wa injini na gia boksi peke yake kwa kawaida hulipa vifaa vya ndani vinavyolainishwa na oili. Alteneta, stata, kompresa ya eisi, pampu ya mafuta na moduli ya ABS ya breki, yaani vitu ambavyo hufa sana kwenye gari lenye maili 90,000, vinabaki nje.

Ugomvi mkubwa unatokea kwenye mnyororo wa sababu. Hozi ya maji ya dola 30 inapasuka, sindano ya joto inapanda, dereva anasema nifike nyumbani kwanza, gasketi ya silinda hedi inaungua. Gasketi imo kwenye mkataba. Hozi haimo, na kuendesha injini iliyochemka nako kumekatazwa. Dai linakufa mara mbili. Vivyo hivyo injini inayokula oili: ringi zimechakaa, hakuna kilichovunjika, na mikataba mingi inatenganisha kuchakaa na kuvunjika. Tafuta sentensi inayosema kuchakaa kunalipwa. Isipokuwapo, chukulia hakulipwi.

Matumizi ya kazi ndiyo mtego unaowanasa zaidi watu wetu. Mikataba mingi haimlipi anayebeba abiria wa Uber au Lyft au kusambaza vyakula, isipokuwa amelipia nyongeza ya matumizi ya biashara. Mkaguzi hahitaji upelelezi: stika ya kioo na maili 40,000 kwa mwaka zinatosha. Gari lenye hati iliyoandikwa kwamba bima iliwahi kulifuta kisha likafufuliwa, kama mengi yatokayo kwenye minada, mara nyingi halikubaliki tangu mwanzo. Kibaya ni kwamba pesa hupokelewa, na tatizo likajulikana siku ya dai.

Dai linalokubaliwa nalo lina matundu. Chukulia gereji inatoza dola 180 kwa saa, mkataba unalipa hadi dola 120, na kazi ni ya saa 10: dola 600 ni zako. Weka dola 100 za mchango wako wa lazima na dola 170 za kupima tatizo, umefika 870 kwa tengenezo "lililolipwa". Uliza kama mchango huo ni kwa kila ziara au kwa kila kifaa, maana vifaa vitatu siku moja vinaweza kuwa dola 100 au 300. Uliza pia kama wanaruhusiwa kufunga gia boksi iliyotumika badala ya iliyofanywa upya. Utaratibu wenyewe haubadiliki: fundi apige simu na kupewa namba ya idhini kabla hajaanza. Wakitaka injini ifunguliwe ndipo waamue, gharama ya kuifungua ni yako endapo watakataa. Na watadai risiti za oili. Anayebadilisha mwenyewe atunze risiti ya oili na filta, aandike tarehe na maili juu yake.

Halafu, nani atalipa mwaka wa tatu? US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa ikiuza mikataba hii kwa matangazo makubwa, ilifilisika 2010. Mwezi Julai 2024 CarShield na kampuni inayosimamia mikataba yake zilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya FTC, wakala wa shirikisho unaolinda wateja, kwamba matangazo yao yaliahidi kisichotolewa. Ndiyo maana mkataba wa mtengenezaji wa gari mwenyewe, kama Honda, Toyota au Ford, unastahili bei ya juu kidogo: madai yanapokelewa kwa diela yeyote wa chapa hiyo. Ukienda kwa kampuni nyingine, tafuta jina la kampuni ya bima inayosimama nyuma yake na uulize ofisi ya bima ya jimbo lako kama inatambulika. Anayekupigia simu kusema dhamana yako "inakaribia kuisha" mkatie.

Bei inapatanishwa kama ya gari. Muuzaji ana nafasi kubwa ya kushusha, na chama cha akiba na mikopo mara nyingi huuza mkataba wa namna hiyohiyo kwa bei nafuu. Hakuna sheria ya jumla inayokulazimisha kuuchukua ili upewe mkopo. Muuzaji akikuambia benki imelazimisha, mwombe aandike hivyo na asaini hapohapo. Kwa kawaida sentensi hiyo huyeyuka. Ukiwa umekwisha saini, usikate tamaa: mikataba mingi inarudisha pesa yote ndani ya siku 30 kama hujadai kitu, na baada ya hapo inarudisha sehemu iliyobaki ukikatwa ada ndogo. Kama ulikuwa ndani ya mkopo, marejesho yanakwenda kwa mkopeshaji. Deni linapungua, malipo ya mwezi yanabaki yaleyale.

Kabla ya yote hayo, lipa fundi asiye wa muuzaji dola 150 hadi 250 alipandishe gari juu, apime mgandamizo wa silinda na kusoma kompyuta. Ubovu uliokuwapo kabla ya kusaini haulipwi na mkataba wowote, na kampuni nyingi huweka siku 30 na maili 1,000 za kusubiri mahsusi kwa ajili ya kuukwepa.

Anayepanga kuendesha miaka miwili kisha kulipakia kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam asinunue mkataba wa miaka mitano. Mikataba hii kwa kawaida inaishia mpaka wa Marekani na Kanada. Ukishaununua, ufute siku gari linapoingia bandarini, na uambatanishe odometa iliyosomwa siku hiyo, maana marejesho yanahesabiwa kwa maili au kwa miezi, kwa kipimo kinachowafaa wao.