Mafuta Chupa Moja, Washauri Kumi

Juzi Mangi ameniuliza swali ambalo mke wangu hajawahi kuniuliza tangu tufunge ndoa: "Kaka, kwani wewe hasa unataka nini?"

Nilikuwa nimesimama dukani kwake robo saa nzima. Nyuma yangu mtoto katumwa chumvi, mama wa genge anataka vocha, kijana wa bodaboda anataka sigara moja, wote wananisubiri mimi niliyeshika chupa ya mafuta naisoma mgongoni kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Na Mangi ana haki ya kushangaa. Miaka yote ananijua mimi ni mtu wa mafuta ya kupima. Nafika na chupa yangu ya maji iliyokwisha maji, nasema "ya mia tano," anachota na kile kikopo chake chenye mpini mrefu, anakitikisa juu ya faneli, matone mawili ya mwisho anayarudisha kwenye ndoo yake, naondoka namlaani kimoyomoyo. Hayo ndiyo yalikuwa maisha, na tuliyazoea.

Kilichoniharibia ni goti. Nilikwenda hospitali kutibiwa goti, wakapima goti, wakapima presha, wakapima na damu ambayo sikuwapelekea, nikarudi nyumbani na goti langu lile lile na juu yake lehemu, yaani kolesteroli, imepanda. Daktari mwenyewe binti mdogo, wa kumzaa kabisa. Akaniuliza kwa adabu zote, "Baba, nyumbani mnatumia mafuta gani?" Nikamjibu, "Ya kupikia." Akaandika kitu. Sikupenda alivyoandika.

Akanipa darasa. Kwamba mafuta yote, ya bei poa na ya bei mbaya, gramu moja ina kalori 9, kwa hiyo hakuna mafuta mepesi, kuna mafuta yanayotangazwa kwa sauti nyepesi. Tofauti iko kwenye mishipa. Yale yanayopenda kuganda, kama samli, mafuta ya nyama, nazi na mawese, ndiyo yanayoipandisha lehemu. Yale yanayobaki majimaji hata kukiwa na baridi, alizeti, ufuta, karanga, hayo yana nafuu. Na ile ya mgando iliyotengenezwa kiwandani, mafuta ya maji yakalazimishwa kuganda, hiyo akaniambia Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2018 kuzitaka nchi ziachane na mafuta ya namna hiyo ifikapo 2023. Nikakumbuka chapati zote nilizokula kati ya hiyo miaka miwili. Nikanyamaza.

Nikiwa mlangoni akaongeza, "Halafu baba, mwambie mama apime kwa kijiko. Msiwe mnamimina tu." Neno dogo hilo. Nililipuuza, likaja kunimaliza.

Kosa langu la pili, nilisimulia nyumbani mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Pangani. Kusikia nazi imetajwa kwenye orodha ya washtakiwa, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, nazi imekukosea nini? Baba mkwe wako alikula wali wa nazi asubuhi na jioni, akafika miaka tisini, na hata hivyo hakufa kwa maradhi. Alianguka mnazini." Sasa hapo utasema nini? Nilitaka kusema kwamba basi nazi ndiyo iliyomuua, sikusema. Nilitaka kusema pia kwamba marehemu mzee wetu alikuwa anaukwea mnazi mwenyewe, mimi nazi yangu naifuata kwa bodaboda mita mia mbili. Sikusema vilevile. Ukiwa umeshika sahani ya mama mkwe unasema "kweli mama" unaendelea kutafuna. Lakini ukweli ndiyo huo, mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina ile ya kuganda, yanaipita hata samli. Kwani hatuyaoni? Mwezi wa saba Dar ikipata kibaridi chake cha alfajiri, chupa ya mafuta ya nazi kabatini inaamka nyeupe kama mshumaa.

Shemeji wa Kigoma naye akapata nafasi aliyoingoja miaka. Kila Krismasi anakuja na dumu la mawese, jekundu, linachafua kila kitu mpaka mwiko, na kila mwaka mimi namcheka. "Shemeji, haya si mafuta, haya ni rangi ya ukuta." Safari hii akanicheka yeye. "Na hayo ya kwenye ndoo ya Mangi unadhani ni ya nini?" Nikasema ni ya kula. "Ya kula, ndiyo. Ya nini?"

Kwenda kuangalia, kumbe ndoo ya Mangi imebandikwa karatasi, na karatasi inasema mawese. Yametoka mbali, huko Malaysia na Indonesia, yakasafishwa na kupaushwa mpaka wekundu wote ukaondoka. Na wekundu ule ndio uliokuwa na faida, ndugu zangu, ni ukoo mmoja na rangi ya karoti, mwili unaugeuza vitamini A. Kwa hiyo mimi na shemeji wote tumekuwa tukila mawese, yeye yake na karoti, mimi yangu bila. Na kuganda kuko palepale kwa wote wawili, karibu nusu nzima.

Ndipo nikaelewa na ule mkasa wa mwaka 2022. Indonesia walizuia mawese kutoka nchini kwao mwishoni mwa Aprili, na Mangi wa kwetu akapandisha bei kabla hata manahodha hawajapata taarifa. Mwezi haujaisha, Mei hiyohiyo, Indonesia wakafungua. Hiyo taarifa ya kufungua sijui ilipita njia gani, kwa Mangi ilichelewa sana kufika.

Basi nikasema nitafute mafuta ya kisasa. Jirani yangu wa geti la bluu anafanya mazoezi, ana vyuma na chupa za unga wa kujaza misuli. Akanishauri zeituni. Nikaenda duka lenye kiyoyozi, nikakikuta kichupa cha kukizungushia kiganja kimoja, bei yake ningepata alizeti ya familia. Halafu kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mafuta haya ni bikira, tena bikira wa ziada. Mimi siku zote nilijua mtu ni bikira au si bikira, huko kwenye ziada sikuwahi kufikishwa. Nikakirudisha taratibu. Ningekieleza vipi kile kichupa mezani na mama mkwe bado yupo?

Chupa nyingine zote zina picha ya moyo na maneno "haina kolesteroli." Nikafurahi, nikakamata moja, nikampigia binti wa hospitali, maana alinipa namba kwa ajili ya goti. Akacheka. "Baba, hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli. Hiyo inatoka kwa wanyama tu." Yaani ni sawasawa na kuandika kwenye pakiti ya chumvi kwamba haina mifupa. Na watu tunalipia ule moyo.

Mwishowe nikaangukia alizeti. Nikaagiza dumu la lita tano kutoka Singida, kwenye mashine wanakokamulia, mafuta yanatokea huku na mashudu ya ng'ombe yanatokea kule. Likaja na basi, chini kwenye buti, kifuniko kimefungwa na mfuko wa rambo na imani. Nilipofika stendi kondakta akaniuliza kwa ukali, "Wewe ndiye mwenye mafuta?" Lita nne ndizo zilizofika kwangu. Lita moja ilishukia kwenye kiroba cha vitunguu cha abiria mmoja na begi la mwanafunzi, na wote wawili walikuwa wamesubiri kunifahamu.

Hayo yaliyobaki mke wangu akayajaribu kwenye maandazi. Moshi ukajaa jikoni, watoto wakatoka nje, maandazi yakanukia shamba. Kumbe yale ya kukamua tu, ambayo hayajasafishwa, hayapendi moto mkali, yanafaa mboga na mchuzi. Ya kukaangia ungetaka yale waliyosafisha mara mbili, dabo rifaini wanaita. Kwa hiyo hata alizeti ina alizeti ya mchuzi na alizeti ya maandazi. Nilikaa chini kwenye ngazi.

Hapo sijawaambia jambo moja, na nawaambia ninyi tu. Muda wote huo naendesha vita ya mafuta nyumbani, jioni nikishuka kwenye daladala napitia kwa yule kijana wa chipsi chini ya mwarobaini. Kiepe yai, kachumbari, pilipili kwa mbali. Karai lake mafuta yake ni meusi, ukiinama unajiona. Yale mafuta yana miaka mingi kazini kuliko mimi, ila yenyewe hayana mafao. Siku moja dhamiri ikanisumbua, nikamuuliza, "Kijana, haya unabadilisha lini?" Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mama yake. "Bosi, hatubadilishi, tunaongezea. Yakiwa mapya chipsi hazipati rangi." Najua, yakichemshwa na kuchemshwa hivyo yanavunjika na kuzaa sumu zake, ukiona yanatoa povu na kunata kwenye vidole ujue yamekwisha. Najua yote. Nikamwambia aongeze pilipili.

Nyumbani, mke wangu mtu wa ripoti yuko ukurasa mwingine kabisa. Lile neno la kijiko mimi nililipuuza, yeye alilishika. Amenunua daftari. Kila chupa ameichora mstari wa kalamu pale mafuta yalipofikia. Fungu langu mimi mgonjwa ni kijiko kimoja cha chakula kwa siku, anakipima ameinamisha kichwa, jicho moja kalifumba, kama fundi anayetazama ukuta umenyooka. Tembele kwenye sufuria linalia "chwii" mara moja tu, kisha kimya. Mchicha wa zamani ulikuwa unaogelea, huu wa sasa umepitiwa na umande.

Nikataka kumshinda kwa sayansi. Nikachukua glasi tatu, moja nikatia mafuta ya Mangi, moja ya nazi, moja alizeti yangu, nikazipanga kwenye friji, nione kwa macho yangu nani anaganda. Asubuhi ya kwanza, nazi imekuwa jiwe, unaweza kuipiga msumari. Ya Mangi imeingia ukungu, chini imefanya uji. Alizeti inang'aa kama asali. Nikawaita wote waje kuona. Mama mkwe akaitazama nazi iliyoganda, akasema, "Maskini, umeitia baridi," akaondoka nayo kwenda kupaka miguu. Ya Mangi mke wangu akairudisha kwenye chupa. Alizeti nikaiacha palepale mlangoni mwa friji, ushahidi.

Usiku wa kuamkia leo umeme umekatika. Feni ikasimama, joto likanikalia kifuani. Saa nane nikaamka koo limekauka, nikapapasa mpaka jikoni, nikafungua friji, mkono ukagusa glasi ya baridi. Kwetu mlangoni mwa friji hukaa juisi ya pasheni. Nikainua, nikapiga mafunda ya mtu mwenye kiu.

Wapendwa, mafuta hayamezwi, yanajimeza. Kufikia ulimi unapeleka taarifa, funda la pili limeshapita, la tatu liko njiani. Nikapiga ukelele. Mke wangu akatokea na tochi ya simu, akanimulika mdomo unavyong'aa, akaimulika glasi, akaona ule mstari wa kalamu. Sikujua kwamba na ile glasi alikuwa ameichora.

Hakunipa pole. Alivuta daftari, akachukua kijiko, akaanza kuyamimina yaliyobaki kimoja kimoja kwenye kikombe, anahesabu kwa kunong'ona ili asimwamshe mama yake. Vilitakiwa viwe kumi. Vilikuwa vitano. Akahesabu tena na vidole, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Mume wangu," akasema, akifunga daftari, "wewe umeshakula mpaka Jumapili."