Kliniki zetu Dar zifundishe na tabia za watoto, si uzito tu

Kwetu Dar, mtoto wa miaka mitatu akiuma wenzake, akijigaragaza chini kila siku, asitulie hata kidogo, sababu hupatikana haraka: mama kamdekeza, au kuna mkono wa mtu. Kinachofuata ni fimbo au maji ya dawa. Inaniuma, kwa sababu huku Birmingham ninakoishi nimeona njia nyingine, na haihitaji mashine wala vidonge.

Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 5 akikutwa na ADHD, ile hali ya kutotulia na kushindwa kuzingatia jambo, mwongozo wa matibabu unataka waanze na wazazi. Wazazi ndio wanaoingia darasani! Wanafundishwa kutoa agizo moja fupi badala ya kufoka, kumsifu mtoto papo hapo kwa kumtajia alichofanya vizuri, kuvipuuza vituko vidogo, kuwa na saa za kula na kulala zisizoyumba. Wanajifunza pia kupambanua. Kila mtoto wa miaka miwili hulia na kurusha mateke. La kuangalia ni lile linalodumu miezi, nyumbani na shuleni, na kuwazidi mno wa rika lake. Masikio nayo yapimwe, maana asiyesikia vizuri huitwa mkaidi bure.

Huku nako kuna tabu. Kumwona mtaalamu unaweza kusubiri hata mwaka, na mama analea peke yake, jirani hajui hata jina la mtoto. Dar mtoto ana bibi, shangazi, mama wa nyumba ya pili. Wote hao wangefundishwa! Na dada wa kazi asisahaulike: ndiye anayeshinda naye kutwa, mara nyingi binti mdogo ambaye hajaelezwa lolote zaidi ya saa ya uji.

Mahali pa kufundishia tunapo. Asubuhi, kliniki ya mama na mtoto, iwe Mbagala au Buguruni, mabenchi yamejaa, na nesi huanza na somo la lishe au chanjo. Aongeze hasira, kuuma, kuchelewa kuongea. Kadi inamfuata mtoto mpaka miaka 5, lakini wengi huacha kwenda chanjo ya mwaka na nusu ikishapita. Somo hili lingewapa sababu ya kurudi. Kina baba nao waitwe, fimbo nyingi ni zao. Na mtoto anayehitaji zaidi apewe rufaa ya Muhimbili angali mdogo, asingoje mpaka afukuzwe darasa la kwanza.