Stesheni ya Kale Inataka Mtu wa Kuifagia

Ukitoka Mombasa kwa barabara kwenda Nairobi utapita Mackinnon Road, na hapo hata dereva mwenye haraka zake hupunguza mwendo. Msikiti wa Sayyid Baghali Shah uko ubavuni mwa reli. Aliyezikwa humo alikuwa kibarua wa reli kutoka Bara Hindi, na wenyeji watakusimulia jinsi karai lake la mawe lilivyokuwa likielea juu ya utosi wake bila kumgusa. Uamini usiamini, shauri yako. Watu huteremka, hutia udhu, husali, huacha walichojaliwa kwenye sanduku la sadaka, kisha huendelea na safari.

Stesheni nayo iko hapo hapo karibu. Wanaovuka kwenda kuiangalia ni wa kuhesabu.

Songa mbele hadi Makindu. Masingasinga waliofanya kazi relini walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926, na hadi leo mgeni yeyote, awe wa dini gani, hukaribishwa kula bila kulipa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa dengu, chapati na chai. Ukiwa umechelewa njiani, kuna pa kulala. Reli iliyowaleta watu hawa ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901, kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Treni ya abiria kwenye njia hiyo ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma Aprili 2017, reli mpya ya SGR ilipokuwa mlangoni. Msikiti na hekalu havikuyumba hata siku moja.

Mimi naona jibu la stesheni zetu za kale liko hapo. Tumezoea kuzizungumzia kama jambo la historia: wanahistoria walete kibao, waziri aje akate utepe, watalii wapige picha. Lakini paa halishikiliwi na kibao. Msikiti ule umesimama kwa sababu kuna mtu anaamka alfajiri kuufungua, na hekalu lile kwa sababu kuna unga wa kukandwa kabla wageni hawajafika. Stesheni ikipata mtu wa namna hiyo itaishi. Isipompata, mabati yataondoka usiku, kisha madirisha, kisha milango, na mwishowe tutaambiwa jengo limechakaa, libomolewe.

Si muda mrefu uliopita nilisimama kwenye stesheni moja ndogo ya njia hiyo. Sitaitaja, maana kuna mlinzi pale asiye na kosa lolote. Mlango wa ofisi umefungwa kwa waya. Dirisha la tiketi bado lipo, na ubao wake wa chini umelika katikati ukafanya kishimo laini kama ndani ya kijiko, kwa vidole vya watu waliosukuma sarafu na kuokota tiketi miaka nenda miaka rudi. Nje kumetundikwa kipande cha reli kilichokuwa kengele. Nilikigonga kwa jiwe. Mbuzi waliokuwa wamejilaza kwenye ukumbi wa abiria waliinua vichwa, wakaniona sina maana, wakalala tena. Nilikaa sana mbele ya ule ubao. Hakuna makumbusho duniani yanayoweza kukutengenezea kitu kama kile, na fundi atakayetumwa kukarabati bila kuelezwa ataung'oa siku ya kwanza aweke vigae.

Sisemi makumbusho ni mabaya. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, ni mahali ambapo ningempeleka mtoto yeyote. Behewa lenye kisa cha stesheni ya Kima liko humo. Mwaka 1900 afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake akimvizia simba aliyekuwa akiwala watu wa stesheni. Lindo lilikuwa lake, usingizi ukamshinda. Inasimuliwa kwamba simba aliingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likaegama kwa uzito wake, mlango ukajifunga nyuma yake, naye akatokea dirishani na Ryall kinywani. Ukisimama mbele ya dirisha hilo ndipo unapojua lilivyo dogo. Nje kuna Mount Gelai, mojawapo ya zile injini kubwa za mvuke aina ya Garratt zilizojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwenye reli za mita moja hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuzishinda.

Lakini kwenye eneo lile lile mchoraji Patrick Mukabi aliendesha studio iliyoitwa Dust Depo, ndani ya jengo la zamani la reli, na vijana wakaenda kujifunza kuchora humo. Hilo ndilo lililonigusa zaidi. Kichwa cha treni ukikipaka rangi kitangoja. Banda lisilo na watu halingoji.

Na makumbusho yanataka watazamaji. Kila mjadala wa majengo ya reli ukianza, atatokea mtu wa kututajia Gare d'Orsay ya Paris, stesheni iliyofunguliwa mwaka 1900 na kugeuzwa makumbusho ya sanaa mwaka 1986. Sawa, ni pazuri. Paris ina mamilioni ya wageni wanaotafuta pa kuingia mvua ikinyesha. Kibwezi haina. Tukisema kila stesheni iwe makumbusho, tutakuwa na makumbusho matano yaliyofunguliwa kwa shangwe na kufuli matano baada ya mwaka.

Matumizi bora kabisa ya stesheni, tusizunguke, ni treni. SGR ilituletea kichekesho kimoja kizuri. Stesheni zake kubwa ziliwekwa nje ya mji, Miritini kwa upande wa Mombasa na Syokimau kwa upande wa Nairobi. Abiria akishuka Syokimau na mizigo yake anahitaji kufika mjini, na kinachompeleka ni treni ya reli ya zamani, inayomshusha kwenye stesheni ya zamani katikati ya jiji. Mzee aliyedhaniwa amestaafu ndiye anayempokea mgeni. Kisumu nako treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Desemba 2021, na Nanyuki ilitangulia mwaka mmoja kabla.

Tanzania wametupita katika hili, na nasema hivyo kama Mkenya asiyependa kusema hivyo. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa imekabwa na foleni, wakachukua reli iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kuendesha juu yake treni ya wafanyakazi hadi Ubungo. Wananchi wakaiita Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Njia ya kaskazini ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 20 bila abiria. Treni ikarudi Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Majengo yalikuwa yamesimama, kwa hiyo palikuwa na pa kurudia. Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati tangu 1914, jengo la Wajerumani halijawahi kubadilisha kazi: treni inaingia, watu wanateremka, wengine wanaendelea na safari zao ziwani. Ingekuwa imebomolewa siku ambazo treni zilisuasua, leo wangejenga kibanda cha saruji na kukiita maendeleo. SGR yao ilianza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma Julai, na reli ya kale inaendelea kufanya kazi yake pembeni.

Pasipokuwa na treni, atafutwe mpangaji. Hoteli ya zamani ya Dodoma, jirani na stesheni, ilianza kama hoteli ya reli na bado inalaza wageni. Zanzibar wana mfano ninaoupenda zaidi, ingawa wengi hupita bila kujua. Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatimua Wareno, ilitumiwa kama bohari ya reli ya Bububu iliyofunguliwa mwaka 1905. Reli ikafa kabla ya miaka ya 1930. Mwaka 1949 ua wa ngome ukawa klabu ya wanawake yenye uwanja wa tenisi. Leo kuna muziki, filamu na wauza vinyago. Ngome, bohari, tenisi, tamasha la muziki la Sauti za Busara, na kuta ni zile zile! Hakuna aliyesema tenisi inaivunjia ngome heshima, au kama walisema, hawakusikilizwa.

Kinachonitia hofu kwetu ni ardhi. Stesheni ya kale kwa kawaida iko katikati ya mji, kwenye kiwanja kikubwa tambarare, na jengo lenyewe ni dogo. Mwenye kalamu akitazama ramani haoni ukumbi wa abiria, anaona maghorofa. Nairobi kuna mpango wa Railway City wa ekari 425 kuizunguka stesheni kuu. Siupingi, eneo lile limelala na jiji linahitaji pumzi. Ila ningependa kabla ya tingatinga kuingia, kila banda, kila kota ya wafanyakazi na kila kibanda cha ishara kiwe kimeandikwa: hiki kinabaki, hiki kinakwenda, na sababu ni hii. Kitu kisichoandikwa ndicho huvunjwa kwanza.

Kwa zile stesheni ndogo za njiani, masharti yangu ni machache na hayahitaji mfadhili kutoka nje. Paa kwanza, rangi baadaye. Mkataba wa miaka 10 au zaidi, maana mpangaji wa mwaka mmoja hatengenezi mfereji wa maji ya mvua. Ukumbi wa abiria ubaki wazi kwa umma, pamoja na choo kinachofanya kazi. Dirisha la tiketi, kengele na kibao cha jina visiguswe. Baada ya hapo apewe anayetaka: zahanati, ofisi ya chifu, maktaba ya watoto, kikundi cha akina mama chenye mkahawa. Kodi iwe ndogo, na reli ikihitaji jengo lake tena, mpangaji apewe notisi ya kutosha.

Wapo watakaosema kuuza chapati kwenye jengo la enzi ya Malkia Victoria ni kuishushia historia hadhi. Hao hawakuwahi kusafiri daraja la tatu. Treni ilipoingia Voi usiku, mayai ya kuchemsha na chai ya strungi vilikuwa madirishani kabla magurudumu hayajasimama, na stesheni masta mwenyewe alikuwa na yai lake na kachumbari kwenye kipande cha gazeti, analila kwa mkono mmoja huku taa ya kijani iko kwenye mkono wa pili.