Steringi Havai Ndala

Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi cherehani tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kutazama picha kama watu wengine. Kwenye kibanda umiza wenzangu wanamtazama jasusi akiruka ghorofa hadi ghorofa, mimi macho yangu yako pale suruali inapokutana, chini ya zipu. Mwanaume katanua miguu hewani, suti imembana kama soseji, na mshono hautoi hata mlio! Nikisema hapo angechanika, kibanda kizima kinanigeukia: "Fundi nyamaza, umelipa mia tano kama sisi."

Nimelipa, ndiyo. Na kwa kuwa nimelipa, nitasema.

Suti ya kwenye picha siyo suti moja. Wanashona nyingi za aina moja, hii ya kutembelea, hii ya kukimbilia, hii imeshachanwa na kupakwa vumbi kabisa. Mimi mteja ananiletea mita tatu za kitambaa, anataka suti nzima, na kitakachobaki nimshonee mtoto kaptula. Siku ya harusi akicheza kwaito ikaachia, fundi mbaya.

Lakini leo sikuja kulalamikia nguo. Nalalamikia mbio. Jumanne iliyopita nimemkimbiza mtu kwa miguu yangu mwenyewe, hapahapa Manzese, na nimegundua kwamba hao majasusi wanakimbizana mahali ambapo watu hawajuani. Hiyo ndiyo siri yao yote.

Chukua ile picha ya jasusi James Bond, Casino Royale ya 2006, ambayo kwangu haijapata mpinzani. Daniel Craig ndiyo kwanza anaingia kwenye U-Bond. Mambo yanaanza watu wakiwa wamezunguka shimo wanacheza kamari ya nguchiro na nyoka, Madagaska. Yaani wao wanasema Madagaska. Kupiga wameipigia Bahamas. Nchi iko jirani yetu hapo, wao wakaenda kuitafuta ng'ambo ya bahari nyingine! Haya. Mwenzake Bond, badala ya kutulia, anashikashika sikio lenye kile kidude cha kusikilizia. Mlengwa anamwona. Mbio! Kisa sikio. Hapo ndipo waliponipata, maana mipango ya watu huharibikia kwenye vitu vidogo hivyohivyo.

Anayekimbizwa ni Sébastien Foucan, Mfaransa, mmoja wa waanzilishi wa ule mchezo wa kuruka kuta na mapaa. Anapita juu ya vitu kama paka aliyeiba samaki. Kuna mahali anajipenyeza kwenye upenyo mdogo juu ya ukuta, anapita bila kugusa kitu. Bond anafika palepale. Habari ya upenyo hana. Anapita na ukuta wenyewe, vumbi la jipsamu mpaka kwenye nywele. Kibanda kilisimama, na mzee mmoja akamwaga kahawa. Utamu uko hapo, maana mbio tupu hata kuku anazo. Wa mbele ana kipaji, wa nyuma ana hasira, na wewe umekaa unangoja kuona kipi kitaisha kwanza. Wakipanda kule juu kwenye winchi ya ujenzi, bastola ya jamaa inaisha risasi, anamrushia Bond bastola yenyewe. Bond anaidaka na kumrudishia ya uso. Ugomvi wa darasa la pili!

Siku hizi picha nyingine wanazikata vipandevipande kama foronya ya matambara: mguu, sikio, mlango, mguu. Huelewi nani anamkimbiza nani. Mtu wa hivyo mkasi wangu simwazimi.

Sasa wa mbele yangu mimi alikuwa Bwana Harusi. Jina nalihifadhi, ana mke. Nilimshonea suti ya bluu, ufundi shilingi 85,000, akatanguliza 20,000, iliyobaki "nikitoka fungate, fundi". Fungate gani ya miezi minne? Jumanne naenda kununua nyuzi, huyo hapo kasimama kwenye karai la mihogo, kavaa suruali yangu. Siku ya kazi! Suti ya harusi anaendea mihogo! Nikamwita kwa adabu kabisa, "Bwana mkubwa, habari za siku nyingi?" Kumbe na mimi ndiyo nimeshika sikio hivyo. Alimeza kipande kizima na pilipili yake, akatoka nduki.

Na mimi nduki. Na ndala.

Hili huwezi kuliona kwenye picha yoyote. Steringi havai ndala. Ndala ina akili zake: hatua kumi tu, kamba ya kushoto ikachomoka, nikawa nakwenda ka-tap, ka-tap, kama cherehani yenye mkanda mbovu. Tom Cruise alivunjika kifundo cha mguu London, Agosti 2017, wakipiga Mission: Impossible – Fallout. Aliruka kutoka jengo hadi jengo, mguu ukajigonga ukutani, akajivuta juu, akaipita kamera akichechemea, na kipande hichohicho ndicho wamekiweka kwenye picha. Miaka 55 alikuwa nayo. Nampa heshima yake. Ila alikuwa na viatu, na alipoumia kazi ikasimamishwa wiki kadhaa apone. Mimi niliirudisha kamba kwa meno nikaendelea na safari.

Bwana Harusi akakata uchochoro wa kwa mama maandazi. Nikajisemea, hapa ndiyo Tangier. Mnaikumbuka The Bourne Ultimatum ya 2007, kule Moroko? Matt Damon anapita juu ya mapaa na ndani ya vyumba vya watu, anakuta ukuta wenye vipande vya chupa juu, kama hizi kuta zetu. Anakwapua nguo zilizoanikwa, anajizungushia mikononi, anavuka. Kisha anaruka na kutua ndani ya dirisha la nyumba ya pili, na wewe unaingia naye, kwa sababu mpiga picha aliruka nyuma ya mrukaji, kamera mkononi. Kazi ya namna hiyo mama yako akiuliza, unamjibu nini? Unamwambia uko ofisini.

Lakini zile nguo za watu Tangier, mbona hakuna aliyetoka kuzidai? Mimi kanga niliigusa kwa bega tu.

"Fundi! Kanga yangu unaipeleka wapi?"

"Shikamoo mama, namkimbiza mtu."

"Marahaba. Na gauni langu je? Si ulisema Ijumaa?"

Jamani. Mteja wangu! Gauni la kitchen party ya binti yake, na Ijumaa yenyewe nilishaisema mara tatu. Nikamwambia lipo kwenye kupigwa pasi. Kusema kweli lilikuwa bado kitambaa. Mama akajifunga kanga kiunoni. Nikiwa namkimbiza Bwana Harusi, na mimi nikawa nakimbizwa, na yule mama ana viatu vya kufunga. Kila kona ninayokata nasikia, "Fundi shikamoo", "Fundi, ile kola vipi?", "Fundi, mbona mbio?" Salamu yote naijibu, maana ukiipita salamu ya mtu leo, kesho anapeleka kitambaa kwa fundi wa jirani. Bond angekuwa anaitikia marahaba kila baada ya hatua nne, yule Mfaransa angeshafika Msumbiji.

Mbele kukawa na turubai. Msiba.

Kwenye Casino Royale jamaa anakimbilia ubalozini, Bond anamfuata humohumo, anafyatua risasi mbele ya kamera, na bosi wake anamwakia kwelikweli. Tom Cruise naye kwenye Fallout anakatiza katikati ya ibada ya mazishi, kanisa la St Paul's, anapita zake. Wala hakutoa rambirambi! Sisi msiba ndiyo ubalozi wetu. Bwana Harusi alilijua hilo. Alipofika kwenye turubai alipunguza mwendo, akakunja uso, akavua viatu, akaketi mkekani kati ya wazee wawili, akainamisha kichwa. Ungesema ndiye mfiwa.

Ningefanya nini? Nikavua ndala. "Poleni sana." Nikaketi karibu yake, magoti yanagusana, wote tunahema kama mvukuto. Upande wa kina mama naye mwenye gauni kaketi, macho kwangu. Mtu kudaiwa msibani ni aibu ya anayedai, tulijua wote watatu.

Daftari likaja. Bwana Harusi akaingiza mkono kwenye mfuko niliouchonga mimi mwenyewe, mfuko wa pembeni wenye bitana, akatoa noti ya 10,000. Niliitambua. Ni kama nilikuwa nimeshailea. Akaandikwa, kisha akasema kwa sauti ya upole, wazee wote wasikie, "Na fundi naye yupo hapa." Nikatoa 5,000 ya nyuzi.

Tukakaa. Ukaja wali. Tukala sahani moja, kwa kweli ulipikwa vizuri. Nikawa namchungulia mapaja: suruali imekimbizwa mtaa mzima, imekunjwa mkekani, na haijaachia hata uzi. Mshono wa mara mbili ule. Moyoni nikafurahi, halafu nikakasirika kwa kufurahi.

Kina mama wakaanza kunyanyuka. Yule mwenye gauni akaja akasimama palepale tulipovulia viatu. Hakusema neno. Alikunja mikono tu.

Bwana Harusi akamtazama, akanitazama, akaelewa. Mdaiwa anamjua mdaiwa. Akaninong'oneza, "Fundi, nyuma ya choo kuna njia."

Tukaomba maji ya kunawa. Tulipofika nyuma, hiyo njia ni ukuta. Chupa juu hazikuwepo, Mungu ni mwema. Akanisukuma nikatangulia, viatu vyetu kijana mmoja alishatupitishia, kwa shilingi 1,000 yangu. Kisha naye akapanda, akatupa mguu huu, akatupa mguu wa pili, akaning'inia pale juu katanua kama Tom Cruise.

Prrraaa!

Mlio niliousubiri kibandani miaka yote, nikausikia mchana kweupe, kutoka kwenye kazi yangu.

Alirudi kwake kajifunga gunia la mkaa. Suruali iko dukani, imening'inia pembeni ya kitambaa cha gauni. Jana kapita kuiulizia, kaja na 10,000 mkononi na anatembea polepole, kwa adabu. Nimemwambia Ijumaa.