Heri riwaya iliachwa mlangoni

Kampuni ya filamu ya Paramount ilimlipa mwandishi Mwingereza Elinor Glyn dola 50,000 kwa ajili ya kisa chake, It, jina alilolitumia kumaanisha mvuto wa mtu, na ikampa nafasi ya kuonekana mwenyewe kwenye filamu ya jina hilo hilo iliyotoka mwaka 1927. Halafu walioandika filamu wakabeba jina na lile wazo la mvuto, hadithi yenyewe wakaitupa. Wapo wanaouita huo utapeli. Kwangu mimi, ndio ulioiokoa filamu.

Maana aliyeingia humo ni Betty Lou, muuzaji wa dukani New York, anayemtamani tajiri mwenye duka, Cyrus Waltham. Anamcheza Clara Bow, binti aliyekulia kwenye ufukara wa Brooklyn, na hilo unaliona. Akialikwa hoteli ya Ritz hana gauni la jioni. Basi yeye na rafiki yake Molly wanashika mkasi, wanalikata gauni lile lile la kazini. Hapo hapahitaji neno. Sinema ilikuwa bubu, lakini macho ya Bow hayanyamazi: yanapima, yanatania, yanapanga njama. Glyn anapotokea huko Ritz kufafanua mvuto ni nini, anakuwa kama somo anayemfunda mwari aliyekwisha kuolewa.

Mapenzi yenyewe, michezo ya Coney Island, ufukwe wa burudani wa New York, na kadhalika, ni ya kawaida. Utamu uko kwenye mtoto. Molly ni mgonjwa, hana kazi, na akinamama wa ustawi wanakuja kumchukua mwanawe. Betty anasimama mlangoni na kusema mtoto ni wake. Uongo huo unamfikia Cyrus, na bwana huyu, badala ya kuuliza, anamwahidi vito na maisha mazuri, ilimradi ndoa isitajwe. Betty anakataa na kazi anaacha. Kwa vichekesho vya miaka hiyo, huo ni ujasiri: msichana maskini anampenda tajiri, lakini bei hapangiwi.

Ndiyo maana mwisho haunikai vizuri. Boti ya Cyrus inagonga nyingine, Betty na mwanamke mwingine wanatumbukia majini, na Betty ndiye anayemwokoa huyo mwenzake wa tabaka la juu. Punde si punde, yeye na Cyrus wamepatana juu ya nanga. Nacheka, ndiyo, ila Cyrus kaponea chupuchupu. Mimi ningetaka aombe radhi kwa kirefu kwanza, tena akiwa bado majini.